Kituo Kimoja, Nchi Mbili

Jumamosi, 6 Julai

Nimeshinda! Kura mbili kwa moja, na moja haikupigwa.

Niandike kwa utaratibu. Mimi ni mkuu wa masjala, na jambo lisiloandikwa kwa utaratibu hupotea kama shilingi chooni. Mama mkwe katuita sebuleni kwake leo asubuhi: mimi, mume wangu Fundi (wa lifti, si wa kitu kingine), na wifi yangu, dada yake Fundi, mshona mapazia. Mama ana miaka sabini na miwili. Mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa huu imepitia mikononi mwake. Akasema anataka kusafiri kabla magoti hayajamkatalia kabisa. Siku sita. Nchi mbili zinazotenganishwa na mto. Humu nitaziita Huku na Kule, kuokoa wino.

Huku kuna maporomoko ya maji na ngome ya kale. Kule kuna jumba la saa za zamani. Na Kule kuna shoga yake mama, waliyesoma naye chuo cha ukunga, aliyeolewa huko. Hawajaonana miaka thelathini na mmoja. Mama aliposema hivyo aligeuka akatazama dirishani kwa muda. Wifi akadhani anasifia mapazia.

Wifi akadakia. Wifi hudakia. Kasafiri mara moja tu maishani, kufuata vitambaa, na tangu siku hiyo hanywi chai bila kutuambia chai ya huko ilikuwaje. Mpango wake: siku tatu tulale mji wa ziwani Huku, kisha tuhamie Kule siku tatu, karibu na shoga wa mama. Alisema wasafiri wote hufanya hivyo. Akatoa na kijitabu cha picha. Ziwa, viti vyeupe, watu wanacheka.

Wasafiri wote! Hapo nikatoa ramani, rula na bikari.

Nikaeleza. Mtu mwenye akili hahamihami kama paka na watoto wake. Anachagua mji mmoja wa katikati, anaufanya makao makuu, na kila asubuhi anatoka, kila jioni anarudi. Sanduku linafunguliwa mara moja. Nikachomeka bikari kwenye mji wa mpakani, upande wa Huku, penye daraja. Nikazungusha. Maporomoko: sentimita nane. Ngome: sita. Jumba la saa: saba. Kila kitu ndani ya duara! Fundi alisogea kuangalia bikari. Alisema ina kutu.

Mama akauliza kama kweli sanduku litafunguliwa mara moja tu. Nikaapa. Akasema basi, kwa ajili ya magoti. Fundi hakupiga kura. Alisema yeye atalala popote penye shuka. Wifi alitafuta kijitabu chake ili aonyeshe viti vyeupe tena, hakukiona. Nilikuwa nimekikalia. Bahati mbaya. Kwa muda wa saa mbili.

Jumanne, 16 Julai

Ubalozi wa Kule. (Huku hawatudai viza. Waungwana.)

Nimejaza fomu tatu kwa mkono wangu: ya mama, ya Fundi, yangu. Wino mweusi, herufi kubwa, hakuna kufuta hata mahali pamoja. Wifi alikataa nimjazie. Alisema anajua kuandika jina lake. Haya. Kakosea tarehe, kafuta, kakosea tena, fomu ikawa kama ukuta wa choo cha stendi.

Kipengele cha kumi na nne: kuingia mara moja, au mara nyingi? Nilicheka peke yangu. Mtu mwenye adabu huingia nyumba ya watu mara moja, husalimia, hukaa, huaga. Anayeingia na kutoka ni kuku. Nikatia tiki kwenye "mara moja", fomu zote tatu, tiki za urefu sawa kabisa. Wifi alikuwa nyuma yangu ananyoosha shingo. Nikafunika kwa kiwiko, asije akaiga.

Mama wa dirishani aliniuliza kama nina hakika, maana anaona tutakuwa tunalala ng'ambo ya mto. Nikamwambia nipo masjala mwaka wa ishirini na mbili. Akanitazama kwa heshima kubwa, akagonga muhuri.

Nimemwandikia pia shoga wa mama barua rasmi, yenye kumbukumbu namba. Atembelewe Ijumaa, tarehe tisa Agosti, saa nne kamili asubuhi. Siku ya mwisho. Kitamu huliwa mwisho.

Jumapili, 4 Agosti

Tumefika Makao Makuu!

Mji una barabara moja, na barabara hiyo ina malori. Yamepangana tangu darajani hadi ng'ambo ya kituo cha mafuta, moja nyuma ya jingine kama shanga. Kuna mafundi wa matairi. Kuna wauza maturubai. Kuna mawakala wa forodha wenye meza chini ya miavuli. Benchi la kupumzikia halipo, lakini matairi makubwa yapo mengi, na mtu anakaa vizuri tu.

Mwenye nyumba ya wageni, mama mmoja mnene mwenye funguo shingoni, aliuliza lori letu limeharibikia wapi. Nikamwambia tuko likizo. Akaita watu wa jikoni waje watuone.

Chumba chetu ghorofa ya tatu. Lifti imekufa miaka miwili. Mama alipanda ngazi moja moja, akipumzika kila kona, na mimi nyuma yake nikimweleza faida za mazoezi. Fundi alibaki chini. Nilimkuta ameweka sikio kwenye mlango wa lifti kama daktari. Anatabasamu. Sijamwona akitabasamu hivyo tangu binti yetu azaliwe.

Dirisha letu linatazama mizani ya malori. Kipaza sauti kinatangaza siku nzima: ekseli ya pili imezidi, ekseli ya tatu imezidi. Wifi alisimama dirishani akatazama mizani. Akaipiga picha. Akaigeukia tena, akaipiga picha ya pili kwa upana. Kimya cha wifi kinakera kuliko maneno yake.

Nikawatolea hotuba fupi kuhusu maana ya makao makuu. Jeshi halipigi kambi bustanini. Mama alikuwa ameshalala.

Jumatatu, 5 Agosti

Maporomoko. Ushindi, kwa kiasi.

Ramani ina kasoro moja: haioneshi kwamba katikati ya sentimita ya tatu na ya nne kuna mlima. Basi halipiti juu ya mlima kama rula. Linauzunguka, halafu linajutia, linarudi, linauzunguka tena. Tuliondoka saa mbili asubuhi. Tukafika saa saba na dakika kumi. Basi la mwisho la kurudi: saa saba na dakika arobaini.

Tukatembea haraka. Mama kwa fimbo. Tukayaona maporomoko kwa dakika kumi na mbili, na niliangalia saa kwa makini. Wengine hukaa pale siku nzima, wakaona maji yaleyale. Sisi tumeyaona na tukaondoka. Wifi alikuwa hajamaliza kufungua kamera.

Njiani kurudi tulipita mji wa ziwani. Ulikuwa na viti vyeupe. Basi lilisimama pale nusu saa, kwa ukorofi tu. Wifi alisema kutoka hapo hadi kwenye maporomoko watu wanatembea kwa miguu. Nilijifanya nimelala.

Jumanne, 6 Agosti

Ngome ya kale hufungwa Jumanne kwa usafi.

Sikutetereka. Tuliizunguka kwa nje, mara mbili. Nikamwambia mama ngome hujengwa ili itazamwe kwa nje. Maadui wote wa zamani waliiona kwa nje na wakaridhika wakaenda zao. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Wifi alisema wale hawakulipa nauli.

Fundi hakuja. Alibaki na lifti. Tuliporudi, milango ikafunguka kama pazia, naye yumo ndani, grisi hadi kwenye nyusi, akamwambia mama yake: "Karibu, mama. Ghorofa ya ngapi?" Mama akapanda hadi ya tatu. Akashuka. Akapanda tena. Watu wa jikoni walipiga makofi. Mwenye nyumba ya wageni alimwita Fundi baba yake mzazi. Sifa zote kwa Fundi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani aliyemleta Fundi katika mji huu.

Jumatano, 7 Agosti

Leo ndiyo leo! Tumevuka!

Kila kitu kimekwenda kama nilivyopanga. Nchi zote mbili zinatumia jengo moja la mpakani, upande wetu wa daraja. Unagongewa muhuri wa kutoka dirisha la kushoto, muhuri wa kuingia dirisha la kulia, unavuka kwa miguu. Dakika ishirini! Katikati ya daraja nilisimama, mguu mmoja Huku, mguu mmoja Kule, nikajipiga kifua. Nikamwambia wifi, wale wa viti vyeupe wangeweza hivi? Dereva mmoja akanipigia honi nipishe.

Ng'ambo ya pili kuna mji mdogo, tukapanda basi la jumba la saa. Basi halijachanganya mwendo, mama akasoma kibao ukutani. Jina la mtaa. Akanishika mkono, akasema kwa sauti ndogo kwamba mtaa ndio huu, ndio ulioandikwa kwenye barua za shoga yake. Hapa hapa. Akauliza kama tungeweza kushuka kidogo tu.

Nikatazama ratiba. Nikamwambia: "Mama, shoga ni Ijumaa. Leo ni siku ya saa."

Mama akasema sawa, mwanangu. Akageuza shingo akautazama mtaa mpaka ukaisha. Wifi alinikata jicho, nikahisi baridi ya upande huo. Lakini ratiba ni ratiba. Ukiruka mstari mmoja, yote inafumuka kama fulana ya kufuma.

Jumba la saa zuri sana. Saa mia nne, na hakuna mbili zinazokubaliana. Nilimwandikia msimamizi maoni, kurasa mbili. Jioni tukarudi salama, tukagongewa mihuri yetu. Safari ya Kule na kurudi, bila dosari. Nimevimba kichwa kidogo, nakiri.

Alhamisi, 8 Agosti

Siku ya matayarisho. Mama kapiga pasi gauni lake la buluu lenye kola nyeupe. Kalipiga tena baada ya chakula cha mchana, ingawa halikuwa limekunjamana. Halafu kanionyesha picha aliyoibeba katikati ya kitabu: wasichana wawili, kofia nyeupe za ukunga, mmoja kafumba macho. Akasema yule aliyefumba macho ndiye shoga. Alifumba kwa makusudi, maana walikuwa wamegombana asubuhi ile.

Wifi alishauri tuvuke leo hii, tusingoje. Nikamuuliza atamweleza nini mtu aliyeandikiwa barua rasmi ya Ijumaa. Akafyonya. Mama akasema tusigombane, kesho si mbali, amengoja miaka thelathini na mmoja na siku moja haimuui.

Nimewakumbusha wote: saa tatu na nusu tuwe darajani.

Ijumaa, 9 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nianzie dirisha la kulia.

Afisa wa Kule, kijana mwenye masharubu ya majaribio, alifungua pasi ya mama. Akageuza ukurasa. Akasema viza imetumika.

Nikamuuliza imetumikaje, tuko hapa. Akanionyesha. Kuingia mara moja. Tumeingia Jumatano. Basi. Yangu vilevile. Ya Fundi vilevile. Nikamwambia hilo ni kosa la fomu. Akauliza, kwa upole wa kuudhi, nani alijaza fomu. Mama, Fundi na wifi wakanitazama kwa pamoja. Mimi nikatazama dari. Dari lilikuwa na buibui.

Ya wifi ilikuwa "mara nyingi". Ile fomu ya ukuta wa choo! Huyo tu ndiye aliyeruhusiwa kupita.

Mama angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alikwenda akakaa kwenye benchi la ukumbi wa kungojea, akaweka mkoba mapajani, akanyoosha kola. Kutoka pale alipokaa daraja lote linaonekana, na mwisho wa daraja linaonekana bati la nyumba ya kwanza ya ule mji. Nilisimama mbele yake nikiwa na jalada langu mkononi, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mbili sikujua ukurasa wa kufungua. Nilimwambia, mama, nimekosa. Naandika hapa kwa sababu daftari hili hasomi mtu. Akasema keti, mwanangu, utachoka.

Kisha nikaona wifi kamchomolea mama barua yenye anwani kutoka mkobani, kapita dirishani, na anavuka daraja mbio, kiatu mkononi. Bila hata kuaga. Nikasema moyoni, kaenda kumsalimia shoga peke yake, apate cha kutusimulia miaka kumi.

Nikaamua kuchukua hatua. Mlango wa mkuu wa kituo ulikuwa wazi, na nyuma yake niliona chumba cha kumbukumbu. Mungu wangu! Majalada sakafuni, majalada dirishani, majalada chini ya kikombe. Nikajitambulisha. Nikamweleza kwamba nitampangia chumba kile, naye kwa upande wake atatugongea muhuri wa saa mbili tu. Mkuu wa kituo, mtu wa macho mekundu asiyelala vya kutosha, alisema yeye hatoi viza, viza ni ubalozini. Lakini kama nasikia raha kushika majalada, nisijizuie.

Mimi naijua lugha ya ofisi. Mkubwa akisema hawezi, anataka kushawishiwa. Nikapandisha mikono ya blauzi.

Walikuwa wamepanga hati za mizigo kwa namba za malori. Ushamba mtupu! Lori halina utu. Nikapanga kwa majina ya madereva, kwa alfabeti. Jina la kwanza, maana ndilo mtu analoitikia. Majalada mia tatu na kitu. Nilikuwa nimefika kwenye herufi M, herufi nzito, niliposikia ukelele ukumbini. Nikatoka mbio nikidhani mama kaanguka.

Mlangoni amesimama bibi mmoja mfupi, fimbo mkono huu, sufuria iliyofungwa kitambaa mkono ule, aproni bado kiunoni, unga hadi kwenye kiwiko. Nyuma yake wifi, anahema kama mbio za mwenge. Mama kasimama. Peke yake, bila kushika benchi.

"Mwizi wa viatu wee!" bibi alimpigia kelele.

"Vilikuwa vinakubana!" mama akajibu.

"Vinibane! Vilikuwa vyangu!"

Kisha sufuria ikachukuliwa na dereva mmoja aliyekuwa karibu, maana hao wawili walikuwa hawana tena mikono ya kushikia chochote. Walilia kwa sauti. Foleni yote ya mihuri ikageuka.

Kumbe wakaazi wa ule mji wana pasi ya mpakani. Bibi huyo huvuka kila Jumatatu kununua sabuni upande huu, inatoa povu zaidi. Kila Jumatatu! Jumatatu hii alipita chini ya dirisha letu, kwenye mizani. Hakuna aliyeniambia habari ya pasi ya mpakani. Kwenye fomu ya ubalozi haikuwa na kipengele.

Walikaa kwenye benchi lile kuanzia saa tano hadi jengo linafungwa jioni. Walikula kutoka kwenye sufuria. Walicheka habari za muuguzi mkuu aliyekuwa akifinya watu, za mapacha waliozaliwa kwenye ngazi, za waume zao wote wawili waliokwisha kutangulia. Yule afisa wa masharubu alipopita, shoga alimwita kwa jina la utotoni, akamwambia mama kwamba kofi la kwanza maishani mwa huyu mtoto lilitoka mkononi mwake. Kijana aliona haya mpaka masikioni. Muhuri hakugonga, sheria ni sheria, lakini aliwaletea chai mara tatu.

Nilirudi kwenye herufi M. Mlango niliuacha wazi ili nisikie.

Jioni, wakati wa kuagana, mama alimshika wifi mkono kwa muda mrefu, akamwambia kitu sikioni. Nilijua ni shukrani. Nikamwonea wifi furaha, kwa kiasi. Mama ni mtu wa kutia watu moyo. Lakini tujiulize kwa utulivu: nani aliyechagua mji wenye daraja? Kutoka mji wa ziwani hadi hapa ni mwendo wa saa tano. Yule bibi wa fimbo angefika? Duara langu lilikuwa sahihi. Mama kakutana na shoga yake ndani ya nusu sentimita ya pale nilipochomeka bikari.

Siku nzuri sana. Nimefika hadi Z.

Jumamosi, 10 Agosti

Basi letu la kurudi nyumbani liliondoka saa mbili kamili. Likaenda mita sitini. Likasimama.

Mbele malori. Nyuma malori. Kushoto lori lililojaribu kugeuka likajutia. Honi kila mahali. Kipaza sauti cha mizani kilinyamaza kwa mara ya kwanza tangu tufike, na kimya hicho kilinitisha. Kondakta alisema kuna kichaa kaingia forodhani jana akavuruga hati zote, hakuna lori linaloruhusiwa kupita.

Nikasikitika naye. Dunia ina watu!

Dakika kumi baadaye mkuu wa kituo alipanda ndani ya basi, macho mekundu zaidi ya jana, akatazama kiti kwa kiti. Akanionyesha kwa kidole. Abiria wote wakageuka.

Nilimweleza kwamba utaratibu ni rahisi: amuulize dereva jina lake la kwanza. Akasema madereva kumi na tisa wana jina moja. Sita hawajui kuliandika sawasawa mara mbili. Wawili wanatumia ya utani. Nikamwambia kazi yoyote kubwa huanza na msukosuko. Akasema, kwa sauti ya chini sana, nishuke.

Nilishuka. Fundi akashuka. Wifi naye akashuka, sijui kwa nini, hakuna aliyemwita. Tukapangua mimi, wifi, Fundi, afisa wa masharubu na mkuu mwenyewe. Tulikaa sakafuni. Wifi alikuwa anasoma namba za malori kwa sauti kama anauza sokoni, mimi napokea, Fundi anaweka. Tulipofika kwenye wale kumi na tisa, wifi alishikwa na kicheko. Akacheka hadi akalala juu ya majalada. Nilimkaripia. Kisha nami kikanishika. Tulicheka mpaka mkuu wa kituo akatoka nje. Wifi ana mikono myepesi ajabu, mshona mapazia anajua kupanga kingo. Sitamwambia.

Tukamaliza saa tisa alasiri.

Na mama? Shoga alisikia zile honi hadi jikoni kwake. Alivuka na mto wa kukalia mgongoni, akamkuta mama kwenye basi, wakaketi kiti cha mbele madirisha yamefunguliwa, wakapata siku nzima nyingine. Niliporudi, vumbi hadi kwenye kope, nilimsikia mama akinitambulisha kwa shoga yake: "Huyu ndiye aliyetufungia barabara." Yule bibi akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanitikisa, machozi yanamtoka. Katika kazi yangu ya miaka yote sijapata kupokea shukrani kama ile. Hata cheti cha mfanyakazi bora kilikuwa cha kikundi.

Wakati wa kuagana hawakulia. Mama alivua viatu vyake, vile vyeusi vizuri, akampa. Akarudi nyumbani kwa kandambili za mwenye nyumba ya wageni. Mwenye nyumba ya wageni mwenyewe alikuja kutuaga, akamwomba Fundi arudi wakati wowote. Akasisitiza: Fundi.

Basi liliondoka. Madereva walinipungia mikono. Baadhi kwa ngumi.

Jumatatu, 12 Agosti

Kazini. Nimepokewa vizuri. Hakuna aliyehamisha kitu.

Mama anasema mwakani atakwenda tena, mwezi mzima, atalala kwa shoga yake. Ameomba nisimsaidie chochote. Hataki nihangaike. Roho ya pekee, yule mama.

Wakati wa chai dada wa mapokezi alinipa habari: anaolewa Oktoba, na fungate wanakwenda kwenye visiwa viwili. Siku tatu kisiwa hiki, siku tatu kisiwa kile. Wahamehame! Na masanduku! Nilimhurumia sana. Hakuniuliza ushauri, ni mtu wa haya, lakini mimi si mtu wa kungoja kuombwa wema.

Nimebaki nyuma kidogo baada ya kazi, nimechukua ramani ya ukutani ya mkurugenzi na rula. Nimepata katikati kamili ya visiwa vile viwili. Sentimita tano kwenda huku, tano kwenda kule. Pazuri mno, patulivu, buluu pande zote. Jina la mji sijaliona pale, lakini ramani yenyewe ni ya zamani. Kesho asubuhi nitamwambia awahi kuweka nafasi ya chumba.